Samli ya Bibi kwenye Fidla ya Mjomba

Juzi wameshusha mbao za msonobari kwenye yadi yangu pale Miembeni, mbichi, zimepasuliwa asubuhi ileile, utomvu bado unatoka kwenye vifundo. Kijana mmoja akaniuliza tuzipange upande gani. Nilikuwa nimeshika ubao nimeuweka puani kama mtu anayenusa mchuzi. Wote wakasimama kunitazama. Nikawaambia fanyeni kazi, mnaangalia nini. Lakini harufu ile ilikuwa imeshanirudisha Ijumbi, nyumbani kwa bibi yangu, mbele ya mjomba wangu Evarist, amekaa kwenye kigoda, upinde wa fidla mkononi, anausugua kwa kipande cha ulimbo mkavu chenye rangi ya asali. Ule ulimbo nao unatokana na utomvu wa msonobari. Hilo nimelijua nikiwa mtu mzima mwenye biashara yangu, wala si mtu aliyenifundisha, ni pua.

Nasema wazi kwamba mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la tatu, na yadi hii nimeijenga kwa kichwa changu na mgongo wangu, hakuna aliyenishika mkono. Hapo nimedanganya. Mjomba Evarist alinishika. Sikuwahi kumshukuru kwa sauti, na ninyi wa rika langu mliokulia Muleba mnajua kwamba hatukuzoea kumwambia mtu mzima asante kwa mambo makubwa. Tulishukuru kwa chakula tukanyamaza. Sasa mjomba amekufa, Bibi alikufa zamani, na lile jambo tulilolificha mimi na mjomba halina tena mtu wa kuumia. Ngoja niliseme.

Mama yangu alipofariki nilipelekwa kwa mama yake, Ma Paskazia. Nilikuwa na umri wa kuchunga ndama. Nyumba yake ilikuwa katikati ya migomba, sakafu imetandikwa nyasi, na ukiingia unapokelewa na harufu ya moshi, nyasi na maziwa kwa pamoja. Nyuma kulikuwa na zizi la ng'ombe aliowapenda kuliko watu wengi. Shule ilikoma siku niliyofika. Haukuwa ukatili. Kulikuwa na ng'ombe, kahawa ya kuanika, maji ya kuteka, na mwanamke mmoja mzee. "Mtoto wa kike akiweza kusoma jina la mama yake msalabani, inatosha," Bibi alisema. Nikaona ni sawa, kwa sababu msalaba wa mama ulikuwa palepale kwenye migomba, na jina lake nililisoma.

Mjomba alikuwa amerudi kutoka Ulaya muda si mrefu kabla yangu. Alirudi na sanduku la nguo na sanduku la fidla, bila mke, bila gari, na Ijumbi nzima ilikuwa imekaa barazani kulisubiri gari.

Habari yake niliisikia vipande vipande. Alipokuwa mdogo Bibi alimtoa kwa Mungu, akapelekwa seminari. Kule seminari padre mmoja mzungu mwenye ndevu nyekundu alikuwa na fidla, akamwona huyu mtoto wa Kihaya anasimama nje ya dirisha lake kila jioni, akamwita ndani. Mtoto akaishika ile fidla na hakuiachia tena. Alipokua akapelekwa Ulaya akamalizie masomo ya upadre. Hapa nyumbani watu wakaanza kumwita Bibi "Mama Padre" kabla ya wakati. Wakampa benchi la mbele kanisani. Migomba ya pombe ikawekwa alama, hii isiguswe, ni ya upadirisho. Halafu ikaja habari kwamba Evarist ameacha seminari, yuko kwenye shule ya muziki.

Jumapili iliyofuata Bibi aliondoka benchi la mbele bila kuambiwa na mtu. Akahamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Akaacha misa ya pili yenye kwaya, akawa anasali misa ya kwanza, ile ya alfajiri, ambako kuna padre na wazee wenye kikohozi tu.

Mjomba alipiga fidla kwenye okestra ya Ulaya miaka mingi. Alinisimulia mwenyewe tukiwa jikoni tunamenya ndizi, maana yeye alikuwa mwanamume anayemenya ndizi, jambo lililowapa majirani maneno ya mwaka mzima. Alisema mle ukumbini watu wote walikuwa weupe na nguo zao nyeusi, na yeye alikuwa mweusi na shati jeupe, hata mtu aliyekaa nyuma kabisa alijua ni yupi. Siku moja mwongozaji wa okestra akaugua ghafla, watu wameshajaa, wakamsukuma Evarist mbele. Akaongoza. Hakurudi kukaa chini tena. Miaka iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa anasimama mbele na kijiti, katika miji ambayo majina yake alinitajia na sikuyashika.

"Sasa ulirudi kwa nini?" nilimuuliza.

"Nilichoka kupigiwa makofi na watu wenye mafua."

"Mjomba."

"Baba alikufa wakamzika sijafika," akasema, na kisu chake hakikusimama. "Nikaona amebaki mmoja."

Huyo mmoja alikuwa anakaa naye nyumba moja na hamsikilizi. Hilo hata mimi mtoto nililiona. Bibi alimpikia, alimfulia, alimwita "mwanangu" mbele ya watu. Lakini mjomba akifungua sanduku lile, akitoa fidla na kuanza kuvuta upinde, Bibi alisimama, akachukua jembe dogo, akaenda kwenye migomba. Alirudi pale tu sauti ilipokwisha. Mjomba alimaliza kupiga, akafunga sanduku, akakaa anautazama mlango.

Mimi nilijieleza mambo yale kwa akili ya mtoto. Wavulana wa kwetu walikuwa wananasa ndege kwa ulimbo wa mtoma, mti wenye utomvu mweupe, wanaupaka kwenye kijiti na ndege akitua anagandia. Nikaona mjomba anapaka ulimbo kwenye upinde, kisha zinatoka sauti kama za ndege. Nikaamini kwamba mjomba ananasa ndege wasioonekana, na kwamba Bibi anakwenda kwenye migomba kuwaonya waliobaki. Nilimwonea Bibi fahari kwa hilo.

Kuhusu kwaya nako nilikosea. Padre wa parokia alikuwa amempa mjomba kwaya aifundishe. Alisimama mbele yao na kijiti alichokata kwenye mti wa kahawa, anakipunga juu, chini, pembeni, uso umekunjamana, na wale wakulima wakubwa wenye ndevu wanamtazama bila kupepesa. Nilidhani anawagombeza. Nikawa nakaa mlangoni nangoja amchape mtu. Wiki ya kwanza hakuchapa mtu, wiki ya pili hakuchapa mtu, nikamwambia, "Mjomba, hawa wamekuzoea." Akacheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo akawa ananiita nisimame pembeni yake. "Funga macho, Koku. Niambie nani amechelewa." Nilisema, ni yule mwenye koti. Akasema, sawa, na nani anamfuata mwenye koti badala ya kunifuata mimi? Hiyo ndiyo shule yangu. Cheti haina, lakini naitumia kila siku.

Ikafika sikukuu ya msimamizi wa parokia yetu. Siku hiyo huwa kuna misa moja tu, kubwa, saa nne, na watu wote wa vigango wanakuja. Hakuna alfajiri. Mjomba alikuwa ameandaa kwaya tangu mvua za kwanza, na baada ya komunyo yeye mwenyewe angepiga fidla peke yake, wimbo wa shukrani. Ijumbi yote ikafanya hesabu hiyo kwa haraka: Ma Paskazia atakimbilia wapi?

Jirani yetu Ma Adventina hakuweza kukaa na swali lile tumboni. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mwenye mdomo, aliyeolewa mwaka uleule alioolewa Bibi, na walikuwa wanachokozana tangu ujana wao. Akaja na kibuyu chake kuomba maziwa, wakati kwake kulikuwa na maziwa.

"Ma Paskazia, mgongo hautakuuma Jumapili?"

"Kwa nini uniume?"

"Nasikia sikukuu zina tabia ya kuuma migongo ya watu."

"Wa kwangu mzima. Wewe angalia miguu yako isije ikachelewa njiani, kuna watu wanakwenda kanisani kuhesabu nani amekuja."

"Mimi nakwenda kusali, bojo," akasema, neno letu la kubembeleza.

"Basi sali na mdomo ufunge."

Ma Adventina akaondoka na maziwa. Bibi akabaki amesimama mlangoni mwa zizi muda mrefu, mkono kwenye mgongo wa ng'ombe.

Siku mbili kabla ya sikukuu, mjomba alikuwa amekwenda kufundisha bila fidla, na kwaya ikamshika mchana na usiku, hakulifungua tena sanduku mpaka Jumapili. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya kizuizi cha matete tulikoweka mikungu iive. Bibi akaingia na kile chungu kidogo cha samli, samli yake mwenyewe, ile ya kupaka mwili watoto wachanga na kulainisha ngozi za ngoma zisipasuke. Akakaa kwenye nyasi. Akalivuta sanduku. Akafungua vile vishikizo taratibu kama anayemvua mgonjwa nguo.

Sikuwa nimewahi kumwona akiigusa. Alitumbukiza vidole kwenye chungu, akaanza kupaka. Alipaka mgongo wa fidla, alipaka tumbo, alipaka shingo na nyuzi, kisha akachukua upinde na kupaka zile singa za mkia wa farasi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akizichua kama nywele za mtoto, zikang'aa. Na alikuwa anasema nayo, kwa Kihaya, sauti ya chini. Akamaliza, akafuta vidole kwenye miguu yake, akarudisha kila kitu mahali pake, akaenda kukamua. Mimi nikaona ni jambo zuri. Ngoma inapakwa, ngozi ya kukalia inapakwa, mtoto anapakwa. Kitu kilichokaa Ulaya miaka yote hiyo kwenye baridi, kwa nini kisipakwe?

Jumapili mimi ndiye niliyebeba sanduku. Mjomba alitangulia, Bibi nyuma na kanga zake mpya. Tukafika, Bibi akaingia akakaa benchi lake la mwisho, karibu na mlango. Mjomba akanipeleka sakristia. Mle ndani alikuwepo Ta Novatus, katekista, mwenyekiti wa kwaya, mtu mwema mwenye haraka. Mjomba akafungua sanduku.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Mjomba akasimama na mfuniko mkononi. Kisha akachukua upinde, akauweka kwenye uzi, akavuta. Hakuna. Upinde uliteleza kama mguu kwenye ganda la ndizi. Akavuta tena kwa nguvu, ikatoka pumzi, kama mtu anayepuliza uji.

"Mwalimu," Ta Novatus akasema, "mbona haitoi sauti?"

Mjomba akauweka upinde chini. "Koku."

"Waitu," nikaitika kwa adabu.

"Nani amefungua sanduku hili?"

"Bibi."

"Amepaka yeye? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Juzi, kabla ya kukamua."

Nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilimwona usoni amekuwa kama wakati anapowapungia kijiti, kila kitu kimekazana, nikajua leo ndiyo siku ya kuchapwa mtu. Akauliza, "Alikuwa anasema chochote?"

"Alikuwa anaipa pole."

"Anaipa pole fidla?"

"Alisema, pole bojo, umetoka mbali na wewe. Huko kwenye baridi hakuna aliyekupaka mafuta."

Mjomba akakaa. Akakaa kwenye kiti cha padre, kitu ambacho sikuwahi kuona mtu akifanya, wala Ta Novatus hakumkataza. Singa zile haziwezi kushika uzi bila ulimbo, na ulimbo haushiki penye mafuta. Hilo nililielewa baadaye. Upinde mwingine haukuwepo Muleba yote, wala Bukoba. Yeye alijua hayo pale alipokaa. Alikuwa amesimama mbele ya wazungu miaka yote ile, na sasa siku moja aliyoitaka, upinde umekufa.

"Nani kaifanya hivi?" Ta Novatus akanong'ona.

"Unyevu."

"Unyevu unanukia samli?"

"Unyevu wa Ijumbi, ndiyo."

"Basi tutangaze imeharibika. Watu wataelewa, mwalimu. Kwaya itaimba, inatosha."

Mjomba akanigeukia. "Chungulia. Amekaa?"

Nikachungulia. Bibi alikuwa amekaa, mgongo umenyooka, rozari mkononi, na Ma Adventina amejibana pembeni yake asipitwe na kitu.

"Amekaa."

"Basi haijaharibika," mjomba akasema, akasimama. Akaniinamia mpaka nikaona weupe wa macho yake. "Koku, kwamba samli imeua upinde, Bibi asilijue. Hata siku moja. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Misa ikaenda. Kwaya iliimba vizuri, hilo hata maadui walikubali. Komunyo ikaisha, watu wakatulia, na mjomba akatoka mbele na fidla bila upinde. Nilikuwa nimekaa na watoto chini, karibu na altare, shingo nimeigeuza nyuma kama kuku. Mjomba akavuta kigoda cha mtumishi, akakaa. Hakuiweka fidla begani. Aliilaza mapajani, kama wazee wetu wanavyolaza enanga, kile kinubi cha Kihaya cha ubao na nyuzi wanachopiga huku wakiimba habari za wafalme. Akaanza kudonoa nyuzi kwa vidole.

Nyuzi za fidla ukizidonoa hazisemi sana. Zinatoa sauti fupi, kavu, kama maji yanayodondoka kwenye mtungi. Wimbo ulikuwa wa Ulaya, wa kanisani, mzito, lakini vidole vilikuwa vya kwetu. Mzee mmoja upande wa wanaume akatoa sauti ndogo ya kukubali, ile ambayo wanaume huitoa wakisikiliza enanga. Mwingine akamfuata. Padre mwenyewe akainua kichwa.

Mimi nilikuwa namtazama Bibi tu. Mwanzoni alikuwa anazungusha rozari. Kisha rozari ikasimama. Kisha akasimama yeye. Nikajua anaondoka, mlango uko hapo karibu yake. Mjomba pia alimwona. Alikuwa amekaa uso umeelekea mlangoni. Vidole vyake havikusimama, lakini vilienda polepole zaidi, kama mtu anayemsubiri mwenzake njiani.

Bibi hakuondoka. Mbele yake kulikuwa na mwanamume mrefu mwenye kofia aliyesahau kuivua. Alimgusa bega, akamwonyesha kwa mkono aisogeze ile kofia, naye akaivua. Bibi akabaki amesimama, akitazama juu ya vichwa vya watu, mpaka uzi wa mwisho ulipotulia. Ndipo akakaa.

Wakati wa kurudi nyumbani Bibi alitangulia. Mjomba nyuma, mimi katikati na sanduku. Ma Adventina alikuwa nasi, amesogea karibu kusikia. Tulipofika kwenye mto mdogo, Bibi akasema bila kugeuka:

"Imepona."

"Nini, Mama?"

"Hiyo yako. Siku zote ilikuwa inalia. Asubuhi inalia, jioni inalia, kama ndama aliyetengwa na mama yake. Nakwenda huko mwisho wa migomba, bado naisikia. Nikajiuliza, hivi kule Ulaya hawana ng'ombe? Mti mkavu na nyuzi, bila mafuta, utaacha kulia?" Akaruka mto. "Nimeipaka samli. Sasa umeona."

Nikamtazama mjomba. Nilisubiri aeleze. Yeye ndiye aliyejua, yeye ndiye aliyesoma Ulaya, angesema maneno mawili tu.

"Kweli, Mama," akasema. "Nimeona."

"Uniletee kila Jumamosi."

"Nitaleta."

Ma Adventina akapiga makofi. "Kumbe ni wewe umeitengeneza, Ma Paskazia."

"Sasa nani?"

Mimi nilikuwa na umri mdogo, lakini nilisimama pale kwenye maji nikaelewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, Bibi hakuwa anakwenda kwenye migomba kukimbia ile sauti. Alikuwa anakwenda kuisikilizia mahali ambapo hakuna mtu anamwona. La pili, mjomba alikuwa ameshalijua la kwanza kabla yangu, maana uso wake ulikuwa umefunguka kama mlango.

Jumapili iliyofuata Bibi alisali misa ya pili.

Sasa ikawa kazi. Upinde uliopakwa haukufaa tena. Mjomba alipiga kwa vidole miezi mingi, mpaka padre mmoja aliyekuwa anakwenda likizo kwao akamletea upinde mpya. Ule mpya tuliuficha kwenye kabati la sakristia, nyuma ya mishumaa ya Pasaka. Ule wa zamani ulibaki sandukuni nyumbani. Kila Jumamosi mjomba alimpelekea Bibi sanduku, akaketi karibu naye, na Bibi akapaka: mgongo, tumbo, shingo, nyuzi, upinde. Walizungumza wakati huo. Walizungumza juu ya baba yake, juu ya mama yangu, juu ya ile migomba iliyowekwa alama ya upadirisho na nani aliinywa mwishowe. Nilikuwa nachambua maharage pembeni, nasikia. Jumapili asubuhi, sakristia, kazi yangu ilikuwa kuifuta fidla yote kwa kipande cha kanga mpaka isibaki hata chembe ya mafuta. Mjomba anapaka ulimbo kwenye upinde wa kweli, anaingia, anapiga.

Bibi alisikia tofauti, hakuwa kiziwi. "Leo imelia kidogo," angesema nyumbani.

"Samli ilikuwa kidogo, Mama."

"Nitaongeza."

Na akaongeza. Kijiji kizima kilijua kwamba fidla ya Ta Evarist inakula samli kuliko bwana harusi.

Mjomba alikuja kufundisha kwaya nyingi, huku Muleba na kule mjini Bukoba, akafundisha vijana fidla mpaka wakawa kundi zima, na wengi wanamkumbuka akiwa mbele na kijiti. Mimi namkumbuka akisema "Kweli, Mama." Mwaka fulani fundi wangu mmoja, nikiwa safarini, alinipakia mbao zote za dari rangi ya kijani ili anifurahishe nikirudi. Mbao za mteja. Nilizunguka nyuma ya yadi, nikapumua, nikarudi nikamwambia zimependeza, asante. Yuko na mimi mpaka leo, na ndiye ninayemwachia funguo. Wanaonijua wanasema huyu mama ana mdomo mkali, na ni kweli, ninao. Lakini mtu akinijia mikono imejaa, hata kama alichobeba kimeniharibia, siwezi kumfokea. Nimejaribu. Haitoki. Nashukuru kwamba haitoki.

Bibi alikufa nikiwa msichana mkubwa tayari. Alikufa vizuri, katikati ya watu wake, amechoka tu. Tulimzika kwenye migomba, karibu na msalaba wa mama yangu. Siku hiyo mjomba alitoa upinde wa kweli mbele ya watu wote, hakuficha kitu, akaiweka fidla begani, akapiga. Aliuvuta ule upinde mrefu, mpaka ncha, na sauti ikatoka yote, ile ya zamani, ile Bibi aliyokuwa anakwenda nayo mwisho wa migomba. Wanaume walioshika majembe wakayaweka chini.

Ma Adventina alikuwa amezeeka, ameegemea bega langu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akasema kwa sauti yake ileile isiyojua kunong'ona:

"Mnasikia inavyolia? Aliyekuwa anaipaka samli ndiye huyo mnamfukia."

Nikageuka kumwangalia mjomba. Alikuwa amemsikia. Alimwinamia Ma Adventina kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa ukweli wake, na upinde haukusimama.